Ruhusa ya Kusoma



Katika kufundisha Amri ya Saba sisi makatekista tumezoea mfano wa mbuzi. Mtu akiiba mbuzi, zizi la mwenyewe hubaki tupu, na hata mtoto wa Komunyo ya Kwanza huona ubaya wake papo hapo. Lakini ziko bidhaa za siku hizi ambazo mtu aweza kuzichukua bila zizi la mwenyewe kupungua. Kitabu kilichomo ndani ya simu kikinakiliwa mara mia, kile cha kwanza kipo palepale. Mwaka huu darasa la Kipaimara hapa Mulongwe limenishika kwa swali hilo, tena si kwa nyimbo wala filamu kama nilivyotazamia, bali kwa mchezo ambao wengi wenu, nadhani, hamjapata kuusikia. Naomba mnivumilie niueleze kidogo, kwa maana swali lenyewe limo katika namna mchezo unavyochezwa.

Watu wanne au watano huketi kuizunguka meza. Mmoja wao ndiye msimulizi. Huanza hivi: mmefika mtoni, daraja limekatika, ng'ambo moto unawaka na sauti za watu zinasikika; mnafanyaje? Kila mchezaji ana mhusika wake, ambaye nguvu zake na udhaifu wake vimeandikwa kwenye karatasi, naye hujibu kwa niaba ya mhusika huyo. Jambo likiwa gumu hurushwa dadu lenye pande 20, na dadu huamua kama umevuka au umechukuliwa na maji. Hakuna anayetangazwa mshindi, na hadithi moja yaweza kuendelea kwa miezi. Mchezo wa namna hii ulio maarufu kuliko yote, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Sisi tuliopita katika shule za ualimu tunautambua upesi: ni igizo dhima, njia ile ile tuliyofundishwa kuitumia darasani, isipokuwa hapa imetiwa hesabu na bahati ya dadu. Wazee wetu waliowasimulia watoto hadithi jioni wangeutambua pia, ingawa pengine wangeshangaa kuona wasikilizaji wakiruhusiwa kuigeuza hadithi.

Najua neno ambalo baadhi yenu mmekwisha kulisema moyoni. Katika mchezo huu wamo mazimwi na wachawi wa kubuni, na kwetu uchawi si jambo la mzaha. Huko Marekani nako, katika miaka ya 1980, wazazi wengi Wakristo waliupinga mchezo huu kwa sababu hiyo hiyo. Mama mmoja wa shirika letu aliniomba nikaangalie. Niliketi na vijana jioni mbili, kwa mwanga wa taa ya betri, na nilichosikia ni habari za daraja, za wezi wa chumvi, na za mfalme aliyekataa kuwalipa askari wake mishahara, jambo lililowachekesha vijana kupita kiasi. Nilimrudishia mama yule jibu kwamba sikuona la kuungama. Swali lililonisumbua lilikuwa jingine.

Mchezo uliletwa kwetu na mpwa wangu. Alizaliwa hapa, akakulia katika kambi ya Nyarugusu, upande wa Kigoma, na kutoka huko familia yake ikapelekwa Marekani. Aliujua mchezo akiwa shule ya sekondari, na sasa, akiwa mtu mzima mwenye kazi, huwasimulia binamu zake kila Jumamosi. Huku huwa ni jioni, kule ni mchana. Huku kuna simu moja tu, nao huiweka ndani ya kikombe cha bati ili sauti yake ivume, halafu vijana watano huinamia kikombe kile kana kwamba wanasikiliza mapigo ya moyo wa mgonjwa. Sijapata kuona njia nyingine iliyomrudisha kijana yule nyumbani kama hiyo. Kiswahili chake kilichokuwa kimeanza kuchakaa kimepata makali tena, kwa maana hawezi kusimulia vita vya mtoni kwa Kiingereza mbele ya watoto wa Mulongwe.

Zamani mchezo huu ulidai vitabu vinene vya karatasi. Siku hizi vitabu vimo ndani ya programu. Iko Roll20, iliyoanza mwaka 2012; iko D&D Beyond, iliyoanza mwaka 2017; iko Foundry, ya mwaka 2020. Programu humhifadhi mhusika wako, hukupigia hesabu, hata dadu hukurushia. Kanuni za msingi hutolewa bure. Lakini ukitaka aina fulani ya mhusika, au kisa fulani kilichotungwa tayari, unakuta kufuli: nunua kwanza. Kitabu kimoja cha namna hiyo huuzwa karibu dola 30. Walimu wanaosoma ukurasa huu hawahitaji nieleze dola 30 ni nini katika nyumba ya mwalimu. Na hata ungekuwa nazo, maduka haya hutaka kadi ya benki, ilhali fedha yetu hukaa katika M-Pesa na Airtel Money, na wengi wetu tuna kadi moja tu, nayo ni ya mpiga kura. Kwa hiyo mlango una makufuli mawili: la bei, na la namna ya kulipa.

Vijana hawakukosa akili. Mpwa wangu aliwaambia: chukueni nenosiri langu, ingieni kama mimi. Na mmoja wa vijana wenyewe alikuwa na njia fupi zaidi. Huyu ana kibanda cha kuchajia simu na kutia nyimbo, na mahali fulani alikuwa amepata vitabu vya mchezo huu arobaini kwenye flashi moja, vyote vya kunakiliwa bila idhini. Alikuwa tayari kuviuza, faranga 1000 kwa kitabu, kwa wenzake na kwa yeyote atakayetaka. Ana miaka kumi na saba. Kibanda kile ndicho kinachowalipia karo wadogo zake wawili. Tena ni mmoja wa wanaojiandaa kwa Kipaimara, na si mtu wa kujificha. Alisimama darasani mbele ya wote akauliza: "Mwalimu, nikiwauzia hivi, nimemwibia nani?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia anipe juma moja, nikarudi kwenye vitabu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2408, haisemi kwamba wizi ni kugusa tu kitu cha mwingine. Inasema ni kutwaa mali yake kinyume cha utashi wake ulio wa haki na wa akili. Na mara moja inaongeza kwamba hakuna wizi pale ambapo idhini yaweza kudhaniwa, au pale ambapo kukataa kwa mwenye mali kunapingana na akili na shabaha ya Mungu ya kuwapa watu wote vitu vya dunia, kama ilivyo kwa mtu mwenye dhiki kubwa ya chakula, malazi au mavazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umekwisha kufundisha jambo hilo katika Gaudium et Spes, namba 69. Basi kijana wa kibanda aweza kujitetea kwa umaskini? Kwa mkate, ndiyo. Kwa kitabu cha mazimwi, hapana. Mchezo ni jambo jema, lakini hakuna aliyekufa kwa kuukosa.

Wala hatuwezi kusema kwamba kilichomo ndani ya simu si mali ya mtu kwa kuwa hakishikiki. Papa Yohane Paulo II, katika Centesimus Annus ya mwaka 1991, namba 32, alieleza kwamba katika zama zetu kuna umiliki wa aina nyingine usio chini ya ule wa ardhi, yaani umiliki wa maarifa, ufundi na ujuzi. Mtu aliyekesha miezi akitunga kisa na kupima kanuni zake amefanya kazi, na mfanyakazi anastahili ujira wake.

Makatekista wenzangu wengi huishia hapo: kunakili ni wizi, basi. Mimi sikuridhika, kwa sababu nilipowauliza vijana ni nini hasa kinachouzwa katika programu zile, niligundua kwamba si kitabu. Ukinunua kitabu katika Roll20, huwezi kukipeleka D&D Beyond; kule utanunua tena. Mwezi Agosti 2024, toleo jipya la kanuni lilipokaribia kutoka, D&D Beyond ilitangaza kwamba baadhi ya maandishi ya zamani kwenye karatasi za wahusika yatabadilishwa na mapya, hata kwa waliokwisha kulipia yale ya zamani; malalamiko yakawa makubwa, na siku chache baadaye uamuzi ukabatilishwa. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 2009, kampuni ya Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka katika vifaa vya wasomaji waliokuwa wamevilipia, ikawarudishia fedha zao. Mbuzi uliyemnunua sokoni hawezi kurudishwa usiku na muuzaji ukiwa umelala. Kinachonunuliwa hapa, basi, ni ruhusa ya kusoma: wewe, kwa jina lako, kwa masharti haya, kwa muda huu. Ni ahadi ya pande mbili.

Na ahadi ni neno. Ndiyo maana niliporudi darasani niliacha Amri ya Saba kando kwa muda nikafungua ya Nane. Niliwaambia vijana kwamba kabla ya kuuliza "nimemwibia nani?" waulize "nimesema nini, na kwa jina la nani?" Mpwa wangu alipofungua akaunti yake alikubali masharti kwamba ni yake. Binamu zake wakiingia kwa nenosiri lake, kila mara wanajibu swali la mlangoni kwa jina lisilo lao. Jambo hili si dogo kwa watu wanaojiandaa kupokea jina la Kipaimara.

Mmoja wao, msichana mwenye ulimi mkali, akaniambia: "Baba Mwalimu, kwetu mtu hutumwa na jina la mjomba wake kila siku." Ni kweli. Lakini anayetumwa husema ametumwa.

Hapo ndipo tulipofika mahali ambapo sikutarajia. Tulimpigia mpwa wangu simu tukamsihi asome masharti yake vizuri. Akakuta kwamba kampuni yenyewe imekwisha kuweka mlango kwa ajili ya hitaji lile. Anayelipa ada ya juu, chini kidogo ya dola 6 kwa mwezi, huruhusiwa kuwashirikisha wenzake wa hadithi moja vitabu alivyonunua. Kila mmoja huingia kwa akaunti yake ya bure, kwa jina lake, huitwa katika hadithi, na kufuli hufunguka. Foundry nayo ina utaratibu unaofanana: msimulizi peke yake hununua programu, dola 50 mara moja, na wachezaji huingia bila kulipa. Mpwa wangu alikuwa analipa ada ndogo na kugawa nenosiri, wakati ambapo kwa kuongeza dola 3 angeweza kuwafungulia wote kwa haki. "Mjomba," akasema, "sikujua kama wametufikiria."

Sijui kama walitufikiria sisi hasa. Lakini namna ile ya kusoma twaijua. Maji ya mto Mulongwe yalipofurika Aprili 2020 na kubomoa nyumba, yalibeba pia sanduku la vitabu vyetu vya mafundisho. Kwa muda mrefu baada ya hapo tulikuwa na Katekisimu moja kwa watu thelathini. Mmoja alisoma, wengine walisikiliza, na hakuna mchapishaji aliyedhulumiwa. Mkutano wa watu wanaosoma kitabu kimoja pamoja ni kitu cha zamani kuliko duka lolote, nami nafurahi kwamba waundaji wa programu wamelazimika kukiachia nafasi.

Ilibaki habari ya kijana wa kibanda, na hii ndiyo iliyoninyima usingizi, kwa kuwa ni rahisi kumwambia mtu mwenye mshahara asinunue cha magendo, lakini si rahisi kumwambia mwenye kibanda afunge sehemu ya kibanda chake. Nilimweleza wazi kwamba yeye hali yake ni tofauti na ya wachezaji. Wao walitaka kusoma. Yeye anauza kazi ya mwingine na kutia ujira wote mfukoni mwake. Alinyamaza. Kisha nikamwonyesha kitu nilichokuwa nimekipata katika juma lile.

Tangu mwaka 2000 wenye mchezo huu, kampuni ya Wizards of the Coast, walikuwa wametoa ruhusa ya wazi kwa yeyote kutumia kiini cha kanuni zao. Mwanzoni mwa Januari 2023 ikavuja rasimu ya ruhusa mpya iliyokusudia kuifuta ile ya zamani. Waandishi wadogo waliojenga maisha yao juu ya neno la kwanza walipiga kelele, wachezaji wengi wakakatisha ada zao za mwezi, na tarehe 27 Januari kampuni ikarudi nyuma. Ikafanya zaidi: ikaweka kanuni zile, kurasa takriban 400, chini ya ruhusa ya umma ya Creative Commons, ambayo haiwezi kuondolewa tena. Ziko hata kwa Kifaransa. Anayezitumia aweza kuzinakili, kuzitafsiri, hata kuziuza, mradi amtaje aliyezitunga.

Kijana hakuniamini. "Hata kuuza?" Tukaisoma ruhusa ile pamoja, kwa Kifaransa, kifungu kwa kifungu, yeye akifuata kwa kidole. Hata kuuza. Faranga 1000 zile zile, kwa haki, na jina la mwenyewe juu ya ukurasa. Sasa anazo kibandani. Lakini nisiwapambie habari: baadhi ya wateja hurudi kuulizia vile vitabu vingine vyenye picha nzuri, na akikataa huenda kibanda cha jirani, ambako hakuna anayeuliza maswali. Wiki iliyopita aliniambia amepoteza wateja watatu, akataja na kiasi.

Kwa sababu hiyo sitaki kuwaachia wenye maduka waende zao bila neno. Neno la kampuni nalo linafunga kama neno la mteja. Aliyetoa ruhusa kwa miaka zaidi ya 20 na watu wakajenga juu yake, hana haki ya kuing'oa kama kigingi cha hema. Tena, bei iliyopimwa kwa mfuko wa Chicago kudaiwa vilevile Mulongwe, na fedha ya maskini kukataliwa kwa kuwa imo ndani ya simu badala ya kadi, ni jambo ambalo dhamiri ya Kikristo haiwezi kulipita kimya. Papa Benedikto XVI, katika Caritas in Veritate ya mwaka 2009, namba 22, alizilaumu nchi tajiri kwa kuyalinda maarifa kwa ukali uliozidi, hasa katika mambo ya dawa na afya. Mchezo si dawa, najua. Lakini shule zetu zimeishi miaka mingi kwa fotokopi, na kufuli linalowekwa leo kwenye kitabu cha mazimwi ndilo litakalowekwa kesho kwenye kitabu cha kemia.

Na sisi wa parokia tusiangalie ng'ambo tu. Kijana yule alikuwa na swali la pili, alilolitoa polepole, akiangalia chini: "Na nyimbo za kwaya yetu?" Kwaya ilikuwa imerekodi nyimbo zake na kuziuza kwa faranga 2000 ili kununua vinanda. Baada ya juma moja zilikuwa katika kila kibanda, kuanzia hapa hadi Kavimvira, na kinanda hakikununuliwa hata kimoja. Wanakwaya walikasirika sana. Nilihudhuria mkutano wa shirika siku ile, na nilipouliza ni nani kati yetu ana filamu aliyoilipia kwenye simu yake, mkutano ulihamia haraka kwenye habari za usafi wa kanisa.

Hata hivyo mwenyekiti wa kwaya alimfuata kijana nyumbani. Walikubaliana kwamba nyimbo mpya ziuzwe kibandani mwake: katika kila 2000, faranga 500 ni zake, zilizobaki ni za kwaya, na kila mnunuzi aandikwe daftarini. Dominika ya kwanza waliandikwa watu kumi na mmoja. Wapo wanaonung'unika kwamba kwaya imempa riziki mtu aliyeiharibia. Mimi nimeliona daftari. Hesabu zake ni safi kuliko za wengi wetu.

Flashi ile yenye vitabu arobaini bado anayo. Sijamwuliza ataifanyaje. Ameniomba nafasi tuzungumze, yeye na mimi tu, kabla ya Kipaimara.